Lawama za Kitambi Tumtwike Nani?

Juzi baada ya sala ya Isha, tulipokuwa barazani hapa Magongo, Changamwe, ulizuka ubishi. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoka kupimwa, akaambiwa ana maradhi ya sukari na uzito umempita kimo. Mzee mmoja akamkata kauli: "Mkono wako ndio uliokulisha. Usimsingizie mtu." Kijana akajibu kwa adabu: "Ami, na hawa wanaotujazia mabango ya soda na kuku wa kukaanga kila njia panda, wao hawana lao?"

Mimi nilinyamaza, maana dawa ya presha i mfukoni mwangu.

Ndugu msomaji, ubishi huu umefika hata mahakamani. Mwaka 2002 vijana wa New York waliishtaki kampuni ya McDonald's wakidai kuwa vyakula vyake vimewanenepesha na kuwatia maradhi. Mwaka 2003 Jaji Robert Sweet aliitupa kesi kama ilivyoletwa. Alisema ajuaye kuwa kula kupita kiasi kutamdhuru, si kazi ya sheria kumkinga na ulafi wake. Lakini hakuufunga mlango wote: neno lingekuwa jingine iwapo chakula kina hatari ambayo mlaji wa kawaida hawezi kuijua.

Nikiyapima hayo, nakumbuka tulivyofunzwa chuoni. Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, yaturuhusu kula na kunywa na kutukataza israfu. Hilo ni la mlaji. Sura ya Al-Mutaffifin nayo yawaonya wauzaji wanaopunja vipimo. Hilo ni la muuzaji. Hatukufunzwa moja tukaachiwa la pili.

Sasa tazama Changamwe yetu. Mfanyakazi wa zamu atoka nyumbani kabla ya alfajiri, arudi usiku. Wali na mchuzi wa samaki ampikie nani, saa ngapi? Njiani akuta chipsi, viazi karai na bhajia. Yule mama wa karai simlaumu: atafuta karo ya wanawe, na mafuta yake twayaona kwa macho.

Lakini soda je? Chupa ya nusu lita yaweza kuwa na zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani vijiko vya chai kumi na zaidi. Nani kati yetu angetia vijiko kumi katika kikombe chake? Kiasi hicho huandikwa kwa herufi za chungu, na bango likaandikwa kwa herufi za tembo. Wahenga walisema, ukila na kipofu usimshike mkono. Wenye viwanda wameushika usia huo barabara: wala nasi, wakihadhari tusigutuke.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima 27 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi. Je, sote tulikuwa walafi kwa pamoja? La hasha! Nchi ya Chile, mwaka 2016, ilianza kulazimisha alama nyeusi kwenye pakiti zenye sukari, chumvi au mafuta mengi. Mlaji hakuvuliwa jukumu lake, alipewa macho.

Basi mwenzetu na azuie mkono wake, nami niuzuie wangu. Na mwenye kiwanda naye aweke mizani yake wazi, ndipo apate haki ya kutuita walafi.