Utabiri wa mvua ufike zahanati pamoja na fedha

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitangaza kwamba vuli ya mwaka huo ingekuja na mvua za El Niño. Tangazo lilisomwa redioni, likaandikwa magazetini, na wananchi wakasihiwa wahame mabondeni. Ilipofika Januari, kipindupindu kilikuwa kimeshaingia Mwanza, Simiyu na Shinyanga. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vimeua watu 155 na kuathiri wengine wapatao laki mbili. Taarifa tulikuwa nazo. Tulichokosa ni utaratibu unaolipatia tangazo la hali ya hewa nguvu ya kufungua mfuko: likitoka, fedha nazo zitoke, na zahanati iliyo kando ya mto ianze kujaza stoo yake kabla mawingu hayajatanda. Kuiandaa sekta ya afya kwa mabadiliko ya tabianchi kunapaswa kuanzia hapo.

Afrika Mashariki ilishalipa gharama ya onyo lisilo na fedha. Kuanzia Septemba 2006, wanasayansi waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na uoto kwa satelaiti walionya kwamba Homa ya Bonde la Ufa ingeweza kuibuka. Mayai ya mbu wanaoieneza hukaa ardhini miaka mingi yakingoja mafuriko, kwa hiyo mvua kubwa isiyo ya kawaida ni dalili inayosomeka mapema. Onyo lilitangulia ugonjwa kwa wiki kadhaa. Desemba homa ikathibitishwa Garissa, Kenya, ikaenea Somalia, na mwanzoni mwa 2007 ikavuka hadi Tanzania. Katika nchi hizo tatu walikufa zaidi ya watu 300. Chanjo ya mifugo ina faida ikitangulia mbu. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano inayopita kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine yenyewe inaweza kueneza virusi. Wiki zile zilizopotea hazikuweza kufidiwa kwa juhudi yoyote iliyofuata.

Kwamba kuwahi kunaokoa, Beira ni ushahidi. Kimbunga Idai kiliupiga mji huo wa Msumbiji Machi 2019, na kipindupindu kikatangazwa tarehe 27 ya mwezi huo. Wiki moja baadaye chanjo ya kunywa ilikuwa inatolewa, na watu zaidi ya laki nane wakaipata. Wagonjwa walizidi 6,000. Waliokufa ni 8. Malawi, mlipuko ulioanza Machi 2022 baada ya dhoruba ya Ana uliwapata watu wapatao 59,000 na kuua zaidi ya 1,700. Milipuko hii hailingani kwa kila kitu: wa Malawi ulienea nchi nzima, ukadumu zaidi ya mwaka, na chanjo ilikuwa haba duniani kiasi kwamba dozi mbili zilipunguzwa zikawa moja. Lakini uhaba huo unazidi kutukumbusha kutotegemea shehena itakayokuja baadaye. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Kinachomwokoa ni ORS (dawa ya kunywa ya kurudisha maji mwilini), dripu, na mtu anayejua kuvitumia, na vyote vitatu sharti viwe upande wake wa mto kabla daraja halijasombwa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya utaratibu huu ni kwamba utabiri hukosea. Ni kweli; utabiri wa msimu huzungumzia uwezekano, na serikali itakayotumia fedha kwa mafuriko yasiyotokea italaumiwa. Ila tazama kinachonunuliwa: pakiti za ORS, dripu, vidonge vya kutibu maji, glovu, vipimo vya malaria. Mvua zikiwa za kawaida, vyote vitatumika vilevile, maana kuhara na malaria havingoji El Niño. Gharama zisizowekeka stoo, kama kukodi boti, kuwasogeza karibu na hospitali wajawazito waliokaribia kujifungua au kuwalipa posho wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zinaweza kusubiri utabiri wa siku tano, ambao ni wa uhakika zaidi. TMA tayari hutoa viwango vitatu: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Kila kiwango kiandikiwe kazi yake na mtu wa kuifanya, ili mganga mfawidhi asilazimike kuomba kibali wakati maji yameshafika mlangoni.

Wengine watasema fedha hazipo, na kwamba waliochafua anga ndio walipe. Walipe, na tuwadai bila kuchoka. Lakini fedha zao hata zikija kesho zitakwama pale pale zinapokwama zetu. Bangladesh, Julai 2020, mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa ulitoa dola milioni 5.2 ndani ya saa chache baada ya utabiri kufikia kiwango kilichokubaliwa, kabla mafuriko hayajafika kileleni, kwa sababu masharti yalishaandikwa. Sisi njia tunayo: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Anayehofia wizi ana haki ya kuhofu, ila manunuzi ya dharura, yanayofanywa kwa pupa na kwa bei ya muuzaji, ndiyo magumu kukagua. Orodha fupi ya vifaa, iliyofungamanishwa na tangazo la TMA lenye tarehe, humpa mkaguzi cha kushika.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na utabiri wa vuli hutoka Agosti. Wizara ya Afya na TAMISEMI zinaweza kutoa waraka mmoja kabla ya hapo, wenye kifungu cha bajeti kinachofunguka kwa utabiri, zikianza na wilaya ambazo mafuriko yake si mageni kwa yeyote: Rufiji, Kibiti, Kilosa, Malinyi.