Saa ya Babu



Mwezi uliopita, wakati wa jioni, kijana mmoja wa shule alibisha hodi kwetu hapa Kolwezi, ameshika kitambaa kilichokunjwa. "Jambo, baba," alisema. "Nimeambiwa ya kuwa hapa hutengenezwa saa." Tulimjibu kwamba sisi si mafundi wa kazi hiyo, twaifanya kwa mapenzi tu, wakati wa mapumziko, kama wengine wafugavyo njiwa. Hata hivyo tulimpa kiti, naye akafungua kitambaa chake.

Ndani yake mlikuwa na saa ya mkono ya zamani. Mkanda umekatika, kioo kimefifia, na tarakimu zake zimegeuka rangi ya kahawia. Ni saa ya babu yake. Mzee huyo aliinunua mwaka 1958, alipokuwa kijana wa zamu ya usiku katika mgodi wa Musonoi, akaichagua hiyo kwa sababu mishale yake iling'aa gizani. Sasa imesimama miaka mingi. Babu naye amezeeka sana, macho yake ni hafifu, wala hatoki nyumbani. Lakini mara kwa mara huiomba saa yake, huiweka sikioni, kisha huirudisha bila kusema neno.

"Nataka itembee tena babu angali hai," kijana alisema. "Tena nataka kuikwangua rangi hii mbovu kwa wembe, nipake rangi mpya ya kijani, iwake kama zamani. Naomba mniazime vyombo vyenu tu."

Tuliitazama saa ile kwa kioo cha kukuzia, kisha tukaifunga tena katika kitambaa. Tukamwambia, "Mwanetu, vyombo tutakuazima, lakini si kwa saa hii." Uso wake ukabadilika. Alidhani tumemwona mtoto asiyefaa. Ndiyo maana leo twaandika habari hizi, ili yeye na wenzake wenye mapenzi ya namna hii waelewe sababu.

TAA IMEZIMIKA, MOTO UNGALI NDANI

Rangi ile ya kung'aa si rangi kama nyingine. Katika saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960, watu wa viwandani walichanganya unga wa zinki na salfa pamoja na chembe kidogo sana za radiamu. Radiamu hutoa mnururisho usiku na mchana bila kukoma, na mnururisho huo ndio ulioufanya unga uwake.

Na radiamu yenyewe ilitoka wapi? Sikieni vema, maana jambo hili latuhusu. Mwaka 1915 Mwingereza aitwaye Robert Rich Sharp, aliyefanya kazi katika kampuni ya Union Minière, aligundua mawe ya urani huko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Mawe yalipelekwa Ubelgiji, mahali paitwapo Olen, na huko mwaka 1922 ikapatikana radiamu ya kwanza ya Katanga. Mawe yale yalikuwa tajiri mno, hata wachimbaji wa Marekani wakashindwa kwa bei. Kwa muda wa miaka kumi hivi, mpaka Kanada ilipoanza kuchimba ya kwake, sehemu kubwa kabisa ya radiamu iliyouzwa duniani ilikuwa ya Katanga. Hivyo watu wengi wa nchi za mbali walitazama saa zao gizani wakiangaziwa na jiwe la kwetu, wala hawakujua.

Lakini mwanga ule ulikuwa na gharama. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey huko Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka tarakimu za saa kwa brashi nyembamba. Walifundishwa kuinyoosha ncha ya brashi kwa midomo yao, nao wakaimeza radiamu kidogo kidogo, siku baada ya siku. Meno yao yaling'oka, mifupa ya taya ikaoza. Mwaka 1927 mmoja wao, Grace Fryer, aliishtaki kampuni, na wenzake wanne wakaungana naye. Mwaka 1928 walilipwa fidia. Fidia haikuwarudishia uzima.

Sasa fanyeni hesabu. Radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Saa iliyonunuliwa mwaka 1958, basi, ina karibu radiamu yote iliyotiwa kiwandani. Kilichokufa ni ule unga wa kung'aa, uliochoshwa na mnururisho. Saa isiyong'aa tena yaweza kumdanganya mtu: taa imezimika, moto ungali ndani. Kuishika kitambo kidogo, kioo chake kikiwa kizima, si jambo la kutisha. Hatari kubwa ni kuifungua na kuikwangua, maana vumbi lake huingia puani na mdomoni, likashuka mwilini na kukaa katika mifupa. Tena radiamu huzaa gesi iitwayo radoni. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northampton, Uingereza, walipima gesi iliyotoka katika saa 30 za namna hii, wakakuta yaweza kupita mbali kiasi kinachokubaliwa katika nyumba.

Kwa hiyo twawasihi: saa ya zamani yenye tarakimu za kung'aa zilizogeuka kahawia msiifungue. Msiilaze chumbani mnamolala, wala msiwape watoto kuichezea. Msirundike saa nyingi za namna hiyo katika kabati moja lisilopata hewa. Mkiona chini ya tarakimu ya 6 herufi T upande huu na upande huu wa maandishi ya Uswisi, hiyo ni tritiamu, iliyoshika mahali pa radiamu tangu miaka ya 1960. Hiyo hupungua nusu kwa miaka 12 tu. Hata hivyo si ya kukwanguliwa. Saa za siku hizi hutumia unga usio na mnururisho, unaonywa mwanga wa mchana na kuutoa usiku.

MWENYE KUANZA AANZE NA SAA IPI?

Basi, kijana wetu alibaki bila kazi? La. Tulimpa saa nyingine, ya kutia ufunguo, tuliyoinunua sokoni kwa bei ndogo, imekufa kabisa. Twawapa shauri hili hili wote wanaotaka kujifunza. Saa ya kwanza ya kufungua iwe saa isiyolilia mtu. Sisi wenyewe, tulipofungua ya kwanza, tulichomoa kile kiuma kinachozuia magurudumu kabla ya kuilegeza kamani. Mara magurudumu yakazunguka kwa kishindo, na jino moja likavunjika. Kama ingekuwa saa ya marehemu baba, tungetazamaje jamaa zetu?

Vyombo vya kuanzia si vingi: bisibisi ndogo mbili tatu, kibano chenye ncha safi, kioo cha jicho, kifunguo cha mgongo wa saa, kipulizio cha mpira, na bakuli la kufunikia. Meza iwe na karatasi nyeupe. Katika kiangazi cha huku kwetu, vumbi jekundu likipeperuka, fungeni madirisha kwanza. Chembe moja ya vumbi katikati ya meno ya gurudumu yatosha kuisimamisha saa.

Kazi ya saa yenyewe si fumbo. Kamani ni utepe wa chuma uliozungushwa ndani ya pipa dogo. Ukiitia saa ufunguo, kamani hukazwa, nayo yatamani kujinyosha. Nguvu yake hupita katika magurudumu mpaka kwenye kile kiuma, nacho huipitisha kidogo kidogo, pigo kwa pigo, kwa kufuata gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa sekunde. Siku nzima ina sekunde 86,400. Saa inayokosea sekunde 10 kwa siku imekosea sehemu moja tu katika 8,640. Ni nani kati yetu awezaye kujisifu kwamba kazi yake ina kosa dogo namna hiyo?

Ukiifungua saa utaona pia mali ya nchi yetu. Sahani na magurudumu mengi ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Shaba ndiyo iliyoujenga mji wa Kolwezi tangu mwaka 1937, na zinki huchimbwa Kipushi. Kamani za kale zilikuwa za chuma tupu. Zilishika kutu na kukatika, hasa katika nchi zenye unyevu. Katika miaka ya 1940 ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ya saa ya Elgin, huko Marekani, kamani ya mchanganyiko mpya usioshika kutu: karibu sehemu 40 katika 100 ni kobalti. Na leo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo, nyingi katika Lualaba hii. Twaiuza kwa magunia na malori, kisha hurudi kwetu imekuwa utepe mwembamba kama unywele. Kijana anayejifunza kuifungua saa huanza kujua kwa macho yake kile ambacho wengine hufanya kwa mawe yetu.

KUIPAMBA SAA, NA KUSEMA KWELI

Wengine hawapendi kutengeneza tu. Wapenda kubadili sura ya saa. Katika jambo hili saa za Japani zimependwa sana. Seiko 5 ilianza mwaka 1963, ikaenea kwa sababu ni ngumu tena bei yake yafikiwa na wengi. Leo kuna mtambo uitwao NH35, unaojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, hupiga mara 21,600 kwa saa, tena hukaa saa 41 bila kuvaliwa. Nyuso nyingi za mtambo huo zina upana wa milimita 28.5, basi mtu huchagua uso, mishale, kioo na mkanda apendavyo. Siri ya kazi ni uangalifu. Mtu asiguse uso kwa kidole kitupu, maana jasho huacha alama. Aitege mishale yote kwenye 12 wakati ule ule tarehe inaporuka. Wala asioge na saa aliyoifungua mpaka imepimwa kama yaingia maji.

Wengine hukusanya. Hawa twawashauri wachague njia moja. Mmoja afuate saa za HMT za India, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1961 na kiwanda chake kikafungwa mwaka 2016. Mwingine zile za Vostok za Urusi. Kila saa iandikwe katika daftari: ilitoka kwa nani, ilibadilishwa nini, lini. Saa kumi zenye habari zao zapita saa mia zisizojulikana zilikotoka.

Daftari hilo lina faida nyingine. Saa iliyotiwa uso mpya na mishale ya kigeni si dhambi; ni kazi ya mikono. Lakini kuiuza kwa mtu kama kwamba ndivyo ilivyotoka kiwandani, huo ni uongo, hata ikiwa inakwenda vizuri. Mwenye kuuza aseme wazi: "Hiki ni cha asili, hiki nimeweka mimi." Tena fedha za mchezo huu zitoke katika ziada, zisitoke katika karo ya watoto. Tumemwona mtu mwenye saa saba, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kutoka shule. Saa zake zote zilisema wakati sawasawa, naye hakuuona.

ILIVYOKUWA MWISHO

Kijana wetu alikuja kila Jumamosi. Mara ya kwanza alipoteza bisi mbili. Mara ya tatu aliifungua saa yote na kuirudisha, ikakataa kwenda. Mara ya tano ikaenda. Ndipo alipotuambia kwamba amefikiri. Hataipaka rangi saa ya babu. Atamtengenezea nyingine, isiyo ya kupendeza vijana, bali ya kumfaa mzee mwenye macho hafifu.

Akachagua uso mweupe kabisa, wenye tarakimu nyeusi na kubwa, na mishale minene. Mtambo ulikuwa ni huo NH35. Mkanda alishonewa na fundi viatu wa mtaani kwao, kwa ngozi laini, kwa sababu mkono wa babu umekonda na mikanda ya dukani yamlegea. Saa ya zamani aliiweka katika kopo lenye kifuniko, kwenye rafu ya ghala iliyo nje ya nyumba, na juu yake akaandika kwamba isifunguliwe.

Tulialikwa siku aliyompa babu zawadi hiyo. Mzee aliipapasa, akaisogeza karibu na macho, akasoma: "Saa tisa na robo." Ni kweli, ilikuwa saa tisa na robo. Kisha akaiweka sikioni kama ilivyo desturi yake. Alikaa kimya kwa muda mrefu, hata kijana akaanza kuwa na wasiwasi.

"Hii si ile," mzee alisema mwishowe. "Hii yasema upesi zaidi."

Kijana akatugeukia, macho yamemtoka. Maana mzee alikuwa amesema kweli tupu. Ile ilipiga mara 5 kwa sekunde, na hii hupiga mara 6. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu saa ile isimame, naye hakusahau mwendo wake.

"Ile iko wapi?" akauliza. Kijana akaketi karibu naye, akaanza kumweleza habari ya jiwe la Shinkolobwe, tangu mwanzo. Sisi tukaaga, tukawaacha.