Gacha imetolewa, gemu limebaki. Sasa tuelezane

Jumapili, saa mbili usiku. Maji hayatoki hosteli tangu Ijumaa, wiki ijayo kuna testi mbili, na mimi nimekaa hapa naandika kuhusu gemu. Najua. Mama akisoma hapa nimekwisha. Lakini jana usiku chumbani kwetu palizuka ubishi mkubwa kuliko ule wa Simba na Yanga, na kwa kuwa nilizidiwa sauti (wao watatu, mimi peke yangu), acha nijibu hapa ambapo hakuna wa kunikatisha.

Kwa mliokosa uhondo: watu wanne tulichanga tukanunua Octopath Traveler 0, lile la Square Enix lililotoka Desemba 4, 2025. Dola 49.99, ambayo kwa hela yetu inapita laki moja. Kompyuta ni moja tu, ya yule anayesoma uhandisi, kwa hiyo tunapokezana. Gemu la zamu, na wachezaji nao kwa zamu.

Kwa wasiolijua, hili ni gemu la hadithi ndefu. Unaongoza kundi la wasafiri, na mkikutana na adui hakuna kurukaruka wala kubonyeza vitufe kama unapiga kinanda. Wewe unapiga, yeye anapiga, unafikiri, unapiga tena. Kila adui ana ngao zenye idadi, na ana silaha anazoziogopa. Ukimpiga na anachokiogopa, ngao inapungua moja. Zikifika sifuri anavunjika, anakosa zamu yake, na hapo ndipo unamshushia kila kitu ulichokuwa umeweka akiba. Akiba hiyo nayo ina hesabu yake: kila zamu unapata pointi moja, unaweza kurundika mpaka tano, na kwa mkupuo mmoja unatumia tatu. Ukiwahi kuzitumia umeumia, ukichelewa umekufa. Katika hili kundi lina watu wanane, wanne mbele na wanne nyuma. Aliyezidiwa mbele anarudi nyuma, mwenzake anaingia. Mimi nasoma takwimu na nawaambieni sijawahi kufanya hesabu kwa raha kiasi hiki.

Sasa ubishi. Gemu hili lilizaliwa kwenye simu. Mwaka 2018 ilitoka Octopath Traveler ya kwanza kwenye Nintendo Switch, halafu mwaka 2020 Wajapani wakapata ndugu yake wa simu, ambaye sisi wengine tulimpata mwaka 2022 kwa jina refu la Octopath Traveler: Champions of the Continent. Kulipakua ilikuwa bure. Hadithi bure. Ila wasafiri wenyewe, wale unaotaka wawe kwenye kundi lako, ulikuwa unawapata kwa kuvuta gacha. Mnaijua gacha: jina limetokana na zile mashine za Japani ambazo mtoto anatumbukiza sarafu, anazungusha, kinatoka kidubwana cha plastiki ambacho hakukichagua. Kwenye simu unatoa vito badala ya sarafu, na vito vikiisha, vinauzwa.

Namba 0 wamechukua ile hadithi ya simu, wakaipanga upya, wakakuruhusu uunde msafiri wako mwenyewe ambaye kijiji chake, Wishvale, kimechomwa moto na unakijenga tena. Na gacha wameitupa. Wapo wasafiri zaidi ya 30 wa kuwaongeza kundini, na unawapata kwa kutembea, kuwakuta na kuwasaidia, kama watu.

Mwenzangu mmoja akasema: hili si ni lile lile la simu, wamelipaka rangi wakatuuzia? Bora lile, lilikuwa bure.

Hapo kwenye kupaka rangi ana hoja, simkatalii. Mshono unaonekana. Hadithi imekatwa vipande vipande kama iliyoandikwa kwa mtu aliyepo kwenye daladala. Msafiri wako ni bubu, watu wanalia mbele yake na yeye ameduwaa tu. Na baadhi ya hao 30 na ushei unaona kabisa waliumbwa wawe picha nzuri ya kuvutwa na siyo binadamu, maana ukishawapata hawana la kukuambia. Ila wale maadui wakubwa watatu wa mwanzo! Herminia na utajiri wake, Tytos na nguvu zake, na yule Auguste mtunzi wa tamthilia anayeua watu ili apate cha kuandika... Nani alitegemea kitu kizito hivyo kwenye gemu la simu? Kwa hiyo wanaosema gemu la simu ni takataka tu, nao wakae pembeni. Kazi ilikuwa nzuri tangu ilipokuwa kwenye simu. Ilikuwa imefungiwa ndani ya bahati nasibu.

Na hapo ndipo ninapogombana na watu wangu. Kwa miaka nimekuwa nikiambiwa gacha ndiyo raha yenyewe, ukiitoa hakuna gemu. Haya, imetolewa. Vita ni vilevile, ngao ni zilezile, tunakesha vilevile. Kilichopungua ni nini? Ni duka tu! Kumbe muda wote ule mtu aliyekuwa anavuta hakuwa analipia gemu, alikuwa analipia mlango wa kuingilia kwenye gemu, na mlango wenyewe unafunguka ukijisikia.

Sikilizeni hesabu kidogo, hii haimo kwenye testi. Tuseme mhusika unayemtaka ana nafasi ya asilimia 2 kwa kila mvuto (natoa mfano, kila gemu lina namba zake). Watu wengi nikiwauliza wanasema basi nikivuta mara 50 nampata. Hapana bwana. Kati ya watu 100 watakaovuta mara 50, karibu 36 watatoka mikono mitupu. Ukivuta mara 100, bado 13 hivi wanaondoka bila kitu. Na kila mvuto hauna kumbukumbu: haujui kwamba jana ulikosa, haukuonei huruma. Magemu mengine yanakuwekea kikomo, ukifika mivuto fulani unapewa, lakini kikomo chenyewe kinapangwa na yule yule anayeuza vito.

Ninalisemea hili kwa sababu mwaka jana lilitukuta chumbani. Si gemu hili, ni jingine ambalo silitaji. Bumu liliingia Jumatatu. Jamaa mmoja kati yetu (amenipa ruhusa niandike, jina nisiguse) alivuta kidogo tu, elfu tano. Akakosa. Akasema ameshaanza, hawezi kuacha hela yake ipotee. Ijumaa hela ya chakula na ya kuprintia ilikuwa imekwisha. Wiki tatu tulimlisha sisi, chapati na maharage ya kukopa kwa mama wa kantini, na sisi wala hatukulalamika kwa sababu alituambia amemtumia dada yake nyumbani aliyekuwa anaumwa. Dada hakuwa anaumwa. Tulijua siku dada mwenyewe alipopiga simu kutusalimia, anacheka, mzima wa afya. Chumba kizima kimya. Hela ilirudi muhula uliofuata, yote. Lakini mimi bado nikimwangalia akisema ana shida, kuna sekunde moja nasita. Hiyo sekunde hakuna aliyenirudishia.

Na jana, kati ya wale watatu, yeye ndiye aliyeitetea gacha kwa sauti kubwa kuliko wote. Eti ukiwa na nidhamu haina tatizo. Kaka, nakupenda, lakini usiniletee nidhamu. Kitu kimetengenezwa na watu werevu wanaolipwa ili nidhamu yako ishindwe, kwa taa, kwa muziki, kwa ile nyota inayowaka kabla hujaona umepata nini. Hata Japani yenyewe, mwaka 2012 mamlaka ya kulinda walaji ilitamka kwamba aina moja ya gacha, ile ya kukusanya seti nzima ndipo upewe zawadi kubwa, ni kinyume cha sheria. Aina nyingine ziliendelea, lakini hao ndio waliobuni kitu chenyewe, na waliona kimevuka.

Hoja ya "lilikuwa bure" ndiyo ngumu, na ninaiheshimu. Laki na zaidi si mchezo. Watu wanne tulijinyima, na ipo wiki nilienda darasani kwa miguu. Aliyekuwa na simu tu na bando la chuo aliweza kucheza la simu miaka bila kutoa senti, na huyo hili jipya limemuacha nje. Kweli kabisa, na waliopanga bei wanastahili kuulizwa. Ila tusisahau bure ile ililipwa na nani. Ililipwa na kina jamaa yangu, wachache wanaoshindwa kuacha, ili sisi wengine tucheze tukijisifu kwamba tuna nidhamu.

Halafu ya bure inaondoka. Square Enix hao hao walikuwa na NieR Reincarnation kwenye simu, lilianza Japani mwaka 2021, Aprili 2024 likafungwa. Toleo la kimataifa la Final Fantasy Brave Exvius, lililokuwepo tangu 2016, nalo lilizimwa 2024. Waliovuta, waliolipa, waliokesha, wote wakabaki na picha walizopiga kwenye skrini. Hili tulilonunua sisi halina seva ya kuzimwa wala mlango wa kulipia kila mwezi. Mwakani likizo nitaanza upya na nitamkuta kila mtu pale pale nilipomwacha.

Nilimsomea jamaa haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Ile ya dada weka." Nimeiweka.

Haya, naitwa. Zamu yangu imefika, na aliyecheza kabla yangu ameniachia adui mwenye ngao nane, watu wanne wamelala chini, na dawa hakununua hata moja. Tuonane baada ya testi.