Mtafiti mgeni akute swali limeshaulizwa

Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kile cha Indiana, Marekani, umedumu tangu mwisho wa miaka ya 1980, na hadi leo wanafunzi wa udaktari hupishana angani: Wamarekani wakija kwenye wodi za Hospitali ya Rufaa ya Moi, Wakenya wakienda Indianapolis. Haukudumu kwa bahati. Indiana ilimweka daktari wake aishi Eldoret, na matibabu yakatangulia utafiti. Hata mpango wao wa pamoja wa AMPATH ulioanza mwaka 2001, Ukimwi ulipokuwa ukijaza vitanda, ulishika kwanza kazi ya kutibu, utafiti ukasimama juu ya kliniki zilizokuwapo. Vyuo vinavyotuma wanafunzi vijijini kwetu vingeanzia hapo.

Mara nyingi huwa kinyume. Mgeni hutua na hojaji iliyoandikwa na kupitishwa kwao, muda wake ni likizo ya wiki chache tu. Mama huacha ng'ombe hajakamuliwa ili aulizwe, kupitia mkalimani, choo chake ni cha aina gani na mtoto ameharisha mara ngapi. Anatia sahihi fomu, basi. Matokeo hayaoni kamwe. Ilhali wanafunzi wa Moi hupelekwa vijijini kama sehemu ya masomo yao, wakakaa na wahudumu wa afya na kujua kijiji kinalalamikia nini. Hao ndio waongoze utafiti, na mgeni awe msaidizi wao. Muda wake mfupi, unaotolewa kila mara kama udhuru, ndio hasa sababu ya kumwingiza katika kazi inayoendelea badala ya kumwachia aanzishe yake.

Wapo watakaosema mwenye fedha ndiye mwenye kauli. Kilifi inawajibu. Utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, huko umetegemea sana fedha za Wellcome Trust ya Uingereza, na bado wakazi huchagua wawakilishi wao wa kukutana na watafiti na kuwasemea wananchi. Na anayehofia kwamba kushauriana na wanakijiji kunachelewesha sayansi ajue kuwa watafiti wa Eldoret wamewahi kutumia mabaraza ya wanakijiji yenyewe kukusanya maoni kuhusu maradhi.

Kigumu zaidi ni safari ya upande wa pili, ya mwanafunzi wetu kwenda Marekani. Mmarekani huomba kibali cha kuingia Kenya mtandaoni. Mwanafunzi wa Eldoret husafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi kuhojiwa ubalozini, na akinyimwa viza, ada hairudi. Kwa hiyo wakuu wa vyuo wasitie sahihi mkataba usiotaja nafasi na nauli ya mwanafunzi wetu kwa kila mgeni anayepokelewa, wala usiotaja tarehe ya matokeo kusomwa barazani, mbele ya chifu na yule mama.