Anayenakili Naye Ana Jina

Usiniambie mchoraji wa sura za watu pale Diani hastahili jina kwa sababu "anakopi tu foto". Hoja hiyo imeoza.

John Raphael Smith, Mwingereza wa Derby, alianza kama mwanagenzi kwa muuza vitambaa. Akaishia kuwa bingwa wa mezotinti: unalikwaruza bamba la shaba mpaka litoe giza tupu, kisha unaparua na kulainisha pale unapotaka mwanga. Kazi zake nyingi zilizovuma alinakili za wengine. Mwaka 1782 alichonga picha ya Kanali Tarleton iliyopakwa rangi na Joshua Reynolds. Chini ya chapa kama hizo hukaa majina mawili: la aliyepaka na la aliyechonga. Na tangu 1735 Uingereza ilikuwa na sheria ya kuwalinda wachongaji wasiibiwe kazi.

Sasa njoo Ukunda. Kijana anakesha na penseli, sura inatoka hai, hoteli inanunua, inatundika ukutani. Jina? Asiweke, eti linachafua picha. Nami nimeshaandikia hoteli vipeperushi bila jina, kwa hiyo utamu huo naujua.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Sisi hata kutajwa hatutajwi, ilhali Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaitambua michoro.

Wenye hoteli, andikeni jina. Na nyinyi wachoraji, Diani hadi Msambweni: sahihi kwanza, bei baadaye.