Kilima cha Poggio hakikuwabeba wenyeji

Timu ikikaa misimu mitatu bila kombe, vikao haviishi. Mara ratiba ibadilishwe, mara wageni wapunguzwe, mara nyasi za uwanja ziachwe ndefu ili mpinzani achoke. Kila kitu kinaguswa, isipokuwa kiwango cha wachezaji. Wenye imani na dawa hiyo watazame yaliyowakuta Waitaliano kwenye mbio zao za baiskeli za Milan–San Remo.

Mbio hizo zilianza 1907. Ni za siku moja, karibu kilomita 290, na kwa miaka mingi zilitoka Milan kupitia mlima wa Turchino hadi San Remo, mji wa pwani. Mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, wenyeji walizitawala watakavyo. Machi 1946, Fausto Coppi, aliyekuwa mateka wa Waingereza wakati wa vita, alichomoka mapema, akamwacha Mfaransa Lucien Teisseire pale Turchino na kumaliza dakika 14 mbele yake. Dakika 14! Mwaka uliofuata akashinda mpinzani wake mkubwa, Gino Bartali. Coppi akarudi 1948 na 1949, Bartali akajibu 1950.

Loretto Petrucci alishinda 1952 na 1953, halafu bomba likakauka. Wabelgiji wakachukua miaka mitatu mfululizo, Mhispania Miguel Poblet akaja kuchukua mara mbili. Kundi kubwa lilikuwa linafika San Remo likiwa pamoja, na wenye kasi ya mwishoni wanajipigia tu.

Ndipo mwaka 1960 waandaaji wakaongeza kilima cha Poggio, kilomita chache kabla ya utepe. Hesabu ilikuwa nyepesi: kilima kiwachoshe wenye kasi, kundi likatike, na pengine Mwitaliano apate upenyo.

Kilichotokea? Mwaka huohuo akashinda Mfaransa René Privat. Uliofuata, Mfaransa mwingine, Raymond Poulidor, aliyepata pancha njiani na bado akashinda. Mwaka 1964 Mwingereza Tom Simpson. Kisha akaja Mbelgiji kijana, Eddy Merckx, akashinda 1966, 1967 na 1969. Kuanzia 1954 hadi 1969, mara 16 mfululizo, zawadi iliondoka na mgeni. Kilima hakikuuliza mtu pasipoti.

Ukame uliisha 1970. Michele Dancelli hakusubiri Poggio. Alitimka peke yake zikiwa zimebaki takriban kilomita 70, na alipofika kwenye kilima kile, kazi ilikuwa karibu imekwisha. Alishinda kwa mtindo wa Coppi wa 1946: miguu, pumzi na roho ngumu.

Haina maana kwamba Poggio kilikuwa kosa. Kilima kile kimezipa mbio utamu, na mpaka leo watu hawabanduki kwenye runinga wakikisubiri. Mabadiliko yanayoukuza mchezo yana faida kwa wote. Yanayotungwa ili kumbeba mwenyeji humfaidisha aliye bora, na mara nyingi huyo ni mgeni.

Kwa hiyo viongozi wa soka wanaobeba mafaili ya kutaka kanuni ya wageni ibadilishwe, wafungue kwanza faili la timu ya vijana. Nani anawafundisha, wana mipira mingapi, wanacheza mechi ngapi kwa mwaka? Dancelli wa kesho hapatikani kwenye kanuni.