Hitilafu ya 403 Haitibiwi kwa Kufungua Kila Kitu

Picha za bidhaa zimetoweka kwenye duka la mtandaoni, wateja wanapiga simu, na fundi anaona tarakimu tatu tu: 403. Seva imelielewa ombi lake vizuri, imelikataa. Dawa inayomjia haraka ni kuifungua kwa umma baketi yote, yaani hifadhi nzima ya faili. Picha zinarudi, bosi anashukuru. Dawa hiyo ni ya hatari na ingepaswa kupigwa marufuku kazini.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Juni 2017 kampuni ya usalama ya UpGuard ilitangaza kwamba taarifa za Wamarekani milioni 198 waliojiandikisha kupiga kura zilikuwa wazi kwenye Amazon S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili mtandaoni, katika baketi ya kampuni ya Deep Root Analytics. Majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za simu: hata nenosiri halikuhitajika.

Tangu Aprili 2023, kila baketi mpya ya S3 huanza ikiwa imefungwa kwa umma. Uamuzi huo wa Amazon ni sahihi.

Badala ya kuifungua baketi, kinachotakiwa ni kujua nini kimelikataa ombi. Huenda ni sera ya mtumiaji, sera ya baketi, au zuio la akaunti nzima, na katazo moja lililoandikwa bayana hushinda ruhusa zote, hivyo kurundika ruhusa hakusaidii. Fundi aanze kwa kuhakikisha ombi linatoka kwa nani hasa, maana programu mara nyingi hutumia utambulisho tofauti na wake. Kisha aisome sera: ikitaja jina la baketi peke yake bila mkwaju na nyota (/*), haizigusi faili zilizomo. Faili iliyosimbwa kwa ufunguo wa KMS, huduma ya Amazon ya kusimamia funguo, hudai pia ruhusa ya kuutumia ufunguo huo. Mtego mbaya zaidi ni faili isiyokuwepo: mwombaji asiye na ruhusa ya kuorodhesha yaliyomo hupewa 403 badala ya 404, yaani "haipo". Mtu anaweza kuhangaika na sera mchana kutwa, kumbe aliandika herufi ndogo mahali pa kubwa.

Uchunguzi huu unahitaji muda, na muda hutolewa na wakuu wa kazi. Wasimkimbize fundi. Wamdai ruhusa finyu: kitendo kinachohitajika tu, kwenye faili zinazohusika tu, kwa programu inayozihitaji.